Mwalimu wa Taipu na Kiongezi Kilichokuwa Kikitoweka

Mwalimu alikuwa akimsikiliza mtu huku amefumba macho. Mara ya kwanza aliponifanyia hivyo nilidhani usingizi umemchukua, nikanyamaza kwa adabu, naye akasema bila kuyafumbua, "Endelea. Ulikuwa umefika pale karatasi ilipokwama." Nikaendelea. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: kabla karatasi haijakwama, nilikuwa nimeongeza nyingine juu yake? Nilikuwa nimeongeza. Akafungua mashine ya fotokopi, akatoa rundo zima, akalikung'uta kingo mara mbili mezani, akalirudisha. Mashine ikafanya kazi mpaka jioni, nami nikabaki nikimkodolea macho. Sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona mjuaji.

Duka letu lilikuwa Kayole, chini ya jumba la ghorofa nne, si mbali na Spine Road. Tulipiga chapa barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, kadi za harusi na mitihani ya shule za kibinafsi. Kompyuta zilikuwa sita, zote za mtumba, zote zimetoka ofisi moja ya mjini, zimefanana kama maharagwe ya gunia moja. Mwishoni mwa miaka ya tisini mwenye duka, ambaye sote tulimwita Bosi, alivuta laini ya simu na kununua modemu, basi kompyuta moja ya pale kona, namba moja, ikawa na mtandao. Watu walikuja kuitazama tu, wakaenda zao wameridhika.

Mwalimu aliishi ghorofa ya tatu ya jumba lile lile. Alikuwa amefundisha taipu mjini kwa miaka mingi kabla sijamjua, na Bosi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, tena, kwa maneno ya Mwalimu, "wa vidole viwili." Alipostaafu Bosi alimwomba ashuke ngazi awe mtu wa kufungua duka, kulifunga, kusahihisha kazi zetu na kufundisha wachache alasiri. Bosi alimwogopa kidogo. Sisi wengine tulimwogopa kabisa.

Alifundisha kwa leso. Alimwekea mwanafunzi maandishi pembeni, kisha akaifunika mikono yake na kibodi yote kwa leso, ukabaki unapapasa humo chini kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni. "Macho ni ya kusoma," alisema. "Vidole vina kazi yao." Niliapa kwamba sitajifunza namna hiyo. Wiki tatu baadaye nilikuwa nikipiga chapa huku nikimtazama mteja usoni, na mpaka leo watu huniuliza nilisomea wapi.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuandikwa. Ukimwambia "kitu ingine" alikutazama mpaka ukajirekebisha mwenyewe. Kwa hiyo nilitoka mbio nyuma ya duka siku vijana wawili waliposimama mlangoni wakipimapima kufuli kwa macho, mmoja akasema, "Niaje, mathe," nami nikasikia Mwalimu akijibu, "Poa, wasee. Kama mmekuja kuchapa barua, ingieni tuongee. Kama ni kucheki mlango, mmeshaucheki, sasa hepeni." Walicheka mpaka wakashikana. Mmoja alirudi wiki iliyofuata akajiandikisha taipu. Nilimuuliza Mwalimu alijifunzia wapi Sheng hiyo ya vijana, akanijibu kwamba ana masikio.

Alikuwa mtu wa dakika. Duka lilifunguliwa saa mbili kamili, si na dakika moja. Lakini kanisani alichelewa kila Jumapili, tena sana, akaingia katikati ya mahubiri na kitambaa chake cheupe kichwani, akapita mbele ya watu wote bila haraka. Nilipomtania alisema, "Mungu anajua nakuja." Na jambo jingine: mwanamke huyu aliyefungua kompyuta na kutumbukiza mkono ndani bila kupepesa jicho alikuwa akiogopa kuku. Kuku hai, mwenye miguu. Krismasi moja mwanafunzi alimletea jogoo wa shukrani, akamfunga kwenye mlango wake wa ghorofa ya tatu. Mwalimu hakutoka nyumbani mpaka nilipopanda kumwondoa yule jogoo, na aliponifungulia mlango aliufungua kiasi cha pua tu.

Kwa mashine alikuwa na sheria zake, na alizirudia mpaka tukazisema usingizini. Usiniambie unachofikiri, niambie ulichokiona. Badilisha kitu kimoja, kisha ungoje. Ya tatu ilikuwa ya adabu zaidi kuliko ya ufundi: barua ya mtu isilale kwetu. Kila kazi ya mteja tuliihifadhi kwenye flopi yake, ile diski nyembamba ya kuchomeka, akaondoka nayo mkononi, na ndani ya kompyuta hatukuacha hata neno. Alisema katika miaka yake yote ya ofisi hakuna mtu aliyewahi kusoma siri ya mwingine kwa uzembe wake, na hatakubali ianze Kayole.

Halafu kulikuwa na kiondo, kikapu chake cha sokoni. Wezi walikuwa wamevunja maduka mawili ya jirani na kubeba kompyuta nzima nzima. Bosi akaona heri wabebe maboksi matupu. Akamleta fundi, akazitengenezea kompyuta zote droo ndogo mbele, na ndani ya kila droo mkakaa diski kuu ya mashine, kile kidubwasha cha chuma chenye ukubwa wa pakiti ya majani chai ambamo programu zote zinaishi. Kila jioni Mwalimu alizivuta zote sita, akaivalisha kila moja soksi ya mtoto, akazipanga ndani ya kiondo, akatandaza pakiti ya unga na sukuma wiki juu yake, akapanda ngazi kama mama yeyote anayetoka sokoni. Asubuhi alizirudisha kabla sisi hatujafika. Kayole nzima ilimwona na kiondo hicho na hakuna aliyewahi kugeuza shingo. Mimi nilikuwa nikimtazama akipanda na roho ya duka begani, nikajiambia kwamba huyu mama angeweza kulinda benki.

Sasa nifike kwa mchongaji. Alikuwa mzee kutoka Ukambani, akichonga twiga na viti nyuma ya nyumba yake, na alikuwa amepata mnunuzi wa ng'ambo ambaye hakuandika barua. Mnunuzi huyo aliweka michoro na vipimo kwenye ukurasa wa mtandao, na kila baada ya siku moja mbili alibadilisha kitu: shingo iongezwe, miguu ikaribiane. Brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, haikuweza kuonyesha michoro hiyo yenyewe. Ilitaka iongezewe kijiprogramu kingine, tulichokiita kiongezi. Jumatatu nilikishusha kutoka mtandaoni, saa nzima simu ikilialia, nikakiweka, michoro ikafunguka. Mzee akafurahi akanishika mkono kwa mikono miwili.

Jumanne alirudi. Kiongezi hakikuwepo.

Sikusema kilikuwa kimeharibika. Hakikuwepo, wala dalili kwamba kiliwahi kuwepo. Nikakiweka upya. Jumatano hakipo tena. Nikaweka. Alhamisi kipo, kimetulia, nikashukuru Mungu. Ijumaa kimepotea. Nikaweka. Jumamosi kipo. Jumatatu, hakipo.

"Msichana," mchongaji aliniuliza, tena kwa upole, "hiyo dawa yako ya juzi imeenda wapi?"

"Niliiweka, mzee. Wewe mwenyewe uliniona."

"Nilikuona. Na sasa sioni."

Jirani mmoja wa fotokopi akasema mashine imeingiwa na pepo, tutafute mtu wa kuiombea. Bosi hakuwa mtu wa kuombea mashine. Alikuja Jumatatu hiyo, akamsikiliza mzee, kisha akanigeukia mbele ya wateja wanne.

"Wewe, hiyo kitu uliweka kweli, ama unanibeba ujinga?"

"Niliweka, Bosi. Mara nne."

"Mara nne na haiko? Huo ni uongo. Ijumaa nikikuta haiko, utafute kazi kwingine."

Kazi hiyo ndiyo iliyonilipia chumba. Bila hiyo ningerudi kwetu Murang'a kuwaambia wazazi kwamba cheti walichouzia ng'ombe hakikufaa kitu. Lakini kilichonichoma zaidi ni lile neno uongo, limesemwa watu wakisikia. Nilikasirika, nikaogopa, na ndipo nilipofanya jambo ambalo sikulisimulia kwa miaka. Nilimfuata Bosi nyuma ya fotokopi nikamwambia kwa sauti ya chini, "Lakini Bosi, mimi si wa mwisho kutoka hapa. Mwenye funguo ni Mwalimu. Na siku hizi amezeeka, pengine anabonyezabonyeza vitu asivyovijua."  Bosi alichukua koti lake akaenda, nami nikarudi kwenye kiti changu nikijisikia mwepesi, Mungu anisamehe.

Kesho yake, Jumanne, Mwalimu alivuta kiti akaketi kando yangu. Kiongezi siku hiyo kilikuwepo. Akafumba macho akasema, "Nieleze. Siku moja moja." Nikamweleza, akiandika kwenye daftari lake bila kulitazama, vidole vina kazi yao. Aliponiuliza kama niligusa kitu kingine nilisema la. Kama umeme ulipotea, la. Kisha akafumbua macho akaitazama ile orodha kwa muda mrefu.

"Mashine ikiwa mbovu, ubovu huzidi," alisema. "Huu unapungua. Tazama. Mwanzo kila siku, halafu siku moja kipo, nyingine hakipo. Ni kama unauponya bila kujua."

"Kwa hiyo itaisha yenyewe?"

"Pengine. Lakini wewe utakuwa umeshafukuzwa na hatutajua kwa nini."

Akaniambia niandike barua. Barua yoyote, mstari mmoja, na niihifadhi ndani ya kompyuta namba moja, si kwenye flopi. Nilishtuka, kwa maana alikuwa akinituma nivunje sheria yake mwenyewe. Niliandika: Mpendwa Mwalimu, mimi si mwongo. Aliisoma akaniambia alama ya mkato iko mahali pake, akaenda kuwafundisha wanafunzi wake.

Jumatano nilipoingia dukani nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta namba nne, koti bado mwilini, kompyuta zote sita zimewashwa. Hakunisalimia. Alisema, "Mpigie Bosi. Mwambie aje sasa hivi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, nami nikajua nimekwisha. Bosi alifika kutoka Komarock baada ya nusu saa. Mchongaji naye alikuwa ameshafika, na wateja wawili watatu.

Mwalimu alisimama. Huyu alikuwa mtu aliyezungumza na kila mtu akiwa ameketi, hata na Bosi. Alisimama, mikono ameishikanisha mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Kosa hili ni langu," alisema.

Kisha akaeleza, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuandikwa. Barua niliyoiacha namba moja ameikuta namba nne. Kwa hiyo hakuna kitu kilichopotea. Kilihama. Kila jioni alikuwa akizitia diski sita kwenye kiondo, na kila asubuhi akizirudisha kwa jinsi mkono unavyozikuta, kwa sababu fundi alimwambia zote ni pacha, na yeye alizifikiria kama tepe za mashine za taipu, ambazo ukiweka hii au ile hakuna tofauti. Mimi nilikiweka kiongezi kwenye diski, nayo usiku ikalala, asubuhi ikaamkia kompyuta isiyo na mtandao, ambayo hakuna aliyewahi kufungua brauza ndani yake. Namba moja ikapewa diski nyingine isiyo na kitu. Kila nilipoweka upya nilikuwa nimetibu moja zaidi, ndiyo maana ubovu ulipungua. Na hatungegundua kamwe, kwa sababu hatukuhifadhi barua za watu ndani, na sheria hiyo pia ilikuwa yake.

Nilimtazama mwanamke huyu, aliyesema katika maisha yake hajapoteza karatasi, akijishtaki mbele ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha mahali pa kuweka vidole. Kwetu mtu mzima akikosea mbele ya wadogo, hutafutwa neno la kumfunika, na Bosi alilitafuta haraka.

"Aa, Mwalimu, si neno. Hizi ni mashine tu."

"Ni neno," Mwalimu akasema. "Msichana huyu umemwita mwongo mbele ya wateja. Hawa hapa wateja."

Bosi, ambaye sijawahi kumsikia akiomba radhi hata kwa kumkanyaga mtu, aliomba radhi. Aliniomba mimi, kwa jina langu, na mchongaji akasema, "Haya, sasa nione twiga wangu." Mchana Mwalimu aliazima kwangu rangi ya kucha, nyekundu, kitu ambacho hakuwahi kujipaka tangu nimjue, akaandika namba moja mpaka sita juu ya diski na juu ya droo zake. Kiongezi hakikupotea tena. Twiga walisafiri.

Ila watu ni watu. Jumba zima likasema Mwalimu amechoka. Bosi alinunua kabati la chuma, akaanza kufungua duka mwenyewe, na funguo za Mwalimu zikarudishwa kwa heshima nyingi na chai. Akawa anashuka saa tatu kama sisi wengine, kisha saa nne, kisha siku za kufundisha tu. Baada ya miezi michache alihamia Komarock kwa binti yake. Mimi nilikuwa nimebaki na kazi yangu na jina langu, na kila mahali nilipokwenda nilimsimulia: yule mama alisimama bila kusita hata kidogo, akasema kosa ni langu. Nilisimulia kanisani, nilisimulia kwenye harusi mbili.

Nilimwona tena miaka minne baadaye, Komarock, ameketi kwenye benchi nje ya duka la dawa akingoja kuitwa achukue vidonge vyake vya presha. Alikuwa amepungua mwili, lakini mgongo ulikuwa ule ule, wima. Nikamwamkia, akanitajia jina langu lote, nikaketi. Tuliulizana habari za watu wa jumba. Halafu nikaona nisipolisema siku hiyo sitalisema tena.

"Mwalimu, kuna jambo nilimwambia Bosi juu yako. Wakati ule wa kiongezi."

"Kwamba nimezeeka, nabonyezabonyeza vitu."

Nilikosa pa kuweka uso. "Ulijua?"

"Aliniambia jioni ile ile."

"Na kesho yake ukaja kukaa na mimi."

"Ulikuwa umesema kweli juu ya mashine. Hilo la kwangu lilikuwa kando." Akaongeza, "Lakini nilikukasirikia sana. Kunishuku kulikuwa sawa, funguo zilikuwa kwangu. Ila nilikaa ghorofa ya tatu tu. Ungepanda uniambie."

"Niliogopa, Mwalimu."

"Mimi pia niliogopa." Akafumba macho, lakini safari hii ndiye aliyekuwa akizungumza. "Asubuhi ile nilipoiona barua yako namba nne, nilikuwa peke yangu. Nikaelewa yote mara moja. Ningeifuta, nipange diski vizuri kuanzia siku hiyo, na hakuna ambaye angejua. Wewe ungeenda Ijumaa. Na nikakumbuka ulivyosema juu yangu. Nilikaa dakika ishirini, kidole kwenye kitufe cha kufuta."

Nikauliza, "Kwa nini hukuifuta?"

"Nilikusikia nje, unaongea na mama mboga. Nikaondoa mkono."

"Na kama ningechelewa zaidi?"

"Sijui." Alifumbua macho akanitazama. "Nasikia unasimulia kwamba sikusita. Watu wananiletea. Ukisimulia tena, sema nilisita."

Wakaita jina lake dirishani. Nilitaka kumwinua, akanikatalia kwa mkono, akainuka mwenyewe akaenda kuchukua dawa zake.

Basi nasema. Alisita, dakika ishirini nzima, na wakati huo mimi niliyemsengenya nilikuwa hapo nje nikicheka na mama mboga.